Nyuma ya Masanduku

Saa moja na nusu, kabla ya kufungua mlango wa mbele,
nageuza tarehe ya muhuri kwa kibano:
jana naing'oa, leo naipachika,
naugonga kwenye karatasi chakavu
mara mbili, mara tatu, hadi MOSHI isomeke
na ile O isifumbe jicho kwa wino.
Ndiyo kazi pekee ambayo sijamkabidhi mtu.

Ukisema meneja, watu huona kiti kinachozunguka.
Kiti kipo. Hakizunguki tangu Juni.
Meneja ni mwenye funguo kumi na saba,
ni anayesaini upungufu wa shilingi mia nne,
anayemkumbusha Elinihaki wa kaunta namba mbili
asiweke chai karibu na rejesta;
mkoa ukipiga simu, ndiye anayesema: ndiyo, mapato yameshuka,
ndiyo, tutafanya jitihada.
Stempu zetu zina picha ya mlima, theluji tele.
Mlima wenyewe, dirishani, umejifunika wiki ya pili sasa,
na hakuna aliyekuja kudai pesa yake.

Lakini nilitaka kusema habari ya nyuma.

Wewe unaijua mbele ya masanduku:
vilango vya chuma, namba, kutu.
Nyuma hakuna milango. Ni matundu tu,
mzinga uliohamwa na nyuki,
nami husimama pale nikipanga bili za maji,
wito wa mahakama, kifurushi cha Uchina
chenye uzito wa herini.
Mara ufunguo unalia, kilango kinafunguka,
mwanga wa mtaa unaingia, mraba mmoja,
na ndani ya mraba, mkono.

Mji huu naujua kwa mikono.
Mia mbili na tatu: kucha nyekundu, hupapasa bila kutazama.
Arobaini na moja: padri wa Kibosho, sabuni ya mche.
Na mia tatu kumi na nane, mzee Anaeli Lyatuu wa Uru,
vidole vitatu; viwili vilibaki kwenye mashine ya kumenya kahawa
mwaka ule bei ilipokuwa nzuri.
Kila Ijumaa aliviingiza vile vitatu, vikakuta hewa,
akapapasa kona zote nne
kama mtu anayetafuta miwani gizani,
kisha akanisemesha tunduni:
"Meneja, leo hamna?"
"Hamna, mzee. Labda Jumanne."
Akaniachia humo ndizi mbivu.
Kanuni za posta hazisemi lolote juu ya ndizi.
Nilizisoma zote.

Machi ukaja waraka:
wasiolipa ada miaka miwili, wafungiwe.
Orodha niliiandika kwa mkono wangu.
Tulifunga kwa waya, sitini na mawili,
koleo likanitoa lengelenge.
Nilipofika mia tatu kumi na nane
nikakumbuka kuna simu natakiwa kupiga.

Simu hiyo sijaipiga hadi leo.

Aprili ikaingia bahasha ya kaki, muhuri wa Mtwara,
mwandiko umeinamia kushoto kama mgomba uliozaa.
Nikaiweka mahali pake.
Ijumaa ya kwanza, kimya. Ya pili, mvua, na kimya.
Ya tatu ufunguo ulilia vibaya,
ulilia kama ufunguo uliobadilisha mtu,
mwanga ukaingia, na vidole vitano,
vyote vipo, vidogo, vina wino wa kalamu ya shule.
Havikufika.

Nikaisukuma bahasha kwa ncha ya rula,
polepole, hadi ukingoni.
Vidole vikaidaka. Vikatoweka. Vikarudi
na ndizi moja, imepondeka ubavuni kwa safari ya begi,
vikaisukuma ndani kadiri vilivyoweza.
"Shikamoo," sauti ikasema. "Babu alisema nisisahau hii."

Alisema lini?
Mimi ndiye mwenye muhuri; lini ndiyo kazi yangu,
siku, mwezi, mwaka, naigonga juu ya kila kitu.

"Marahaba," nikasema.